Stesheni ya Voi: Treni Ipi Inasimama, Mzigo Upi Unapita na Nani wa Kuulizwa

Mgeni akishuka Voi na kumwambia mwendesha bodaboda "nipeleke stesheni", swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: stesheni ipi? Mji wetu una mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani, iliyouzaa mji wenyewe. Ya pili ni ya reli ya kisasa ya SGR, inayopokea abiria kila siku tangu mwaka wa 2017.

Kuhusu hizi stesheni mbili wakaazi wana maswali mengi. Mbona treni nyingine hutupita bila kusimama? Mbona siwezi kupakia magunia yangu ya kabichi? Barabara na taa za kuelekea stesheni ni kazi ya nani? Mara nyingi malalamishi hupelekwa kwenye afisi isiyohusika, miezi ikapita na mwananchi asipate jibu. Makala haya yanaeleza huduma zilivyo, namna ya kuzitumia bila hasara, na mlango wa kubisha jambo linapokwenda kombo.

MJI ULIOZALIWA NA RELI

Ujenzi wa reli ya kwanza ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Mafundi walipovuka nyika kavu ya Taru wakafika Voi, walipata mahali penye mto, chini ya milima ya Taita. Injini za mvuke zilikunywa maji mengi, na kituo chenye maji kilikuwa na thamani kubwa. Mwaka wa 1898 wajenzi walikuwa mbele kidogo, kwenye mto Tsavo, ambako simba wawili waliwaua vibarua wengi na kusimamisha kazi kwa muda. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijaisha.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoifanya Voi kuwa njia panda. Mwaka wa 1915 jeshi la Uingereza lilianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, kupitia Mwatate, Maktau na Mbuyuni, ili kupeleka askari, maji na silaha kupambana na Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta. Februari 1916 kulikuwa na mapigano makali kwenye kilima cha Salaita. Baadaye mwaka huo reli ilivuka mpaka na kuungana na ile ya Wajerumani huko Kahe, karibu na Moshi. Makaburi ya askari yaliyoko Voi, Maktau na Taveta ni kumbukumbu ya miaka hiyo.

Baada ya vita, reli hiyo ikawa ya wananchi. Watu wazima wa Mwatate, Bura na Taveta wanaikumbuka treni iliyobeba abiria na mizigo pamoja, ikisimama vituo vingi na kuleta bidhaa sokoni. Huduma hiyo ilififia, na hatimaye ikakoma. Kwenye njia kuu, treni ya usiku ya Nairobi hadi Mombasa iliendelea kupita katika stesheni ya zamani hadi Aprili 2017, kisha nayo ikastaafu kupisha SGR.

TRENI ZA SASA

Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi ina urefu wa kilomita 472. Treni ya abiria, maarufu kama Madaraka Express, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Hukimbia hadi kilomita 120 kwa saa, na safari nzima huchukua takriban saa tano au sita ikitegemea idadi ya vituo.

Treni inayomhusu zaidi mkaazi wa Voi ni ile ya kaunti kwa kaunti. Kila siku moja hutoka Mombasa na nyingine Nairobi, zote saa mbili asubuhi, nazo husimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Inayotoka Mombasa hufika Voi asubuhi, kisha huendelea Nairobi. Inayotoka Nairobi hufika kwetu mchana, kisha huteremka Mombasa. Kuna pia treni za haraka za alasiri na usiku. Hizo zilipangiwa wasafiri wa mwisho hadi mwisho, na ratiba ya vituo vyake inaweza kubadilishwa. Usiende stesheni kwa kusikia tu kwamba treni ya jioni inasimama. Hakikisha kwanza kwamba mfumo wa tiketi unakuuzia safari ya kutoka Voi kwa treni hiyo.

Ratiba hii ina maana kubwa kwa mipango yako. Tuseme una mama mgonjwa anayetakiwa kliniki katika hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, Mombasa, saa mbili asubuhi siku ya Jumatano. Treni ya kaunti kwa kaunti ya Jumatano hiyo haitakufaa, kwa sababu itapita Voi mchana wakati kliniki inakaribia kufungwa. Ukiitegemea treni hiyo, safirini Jumanne, mlale Mombasa, na mrudi Alhamisi kwa treni ya asubuhi. Kama hamna pa kulala, matatu ya alfajiri ndiyo itakayowafaa. Wenye kesi mahakamani, mahojiano ya kazi au shughuli za bandarini wapige hesabu hiyo hiyo.

Kumbuka pia kwamba stesheni ya Mombasa iko Miritini na ya Nairobi iko Syokimau, zote nje ya katikati ya jiji. Kutoka Syokimau kuna treni ya kuunganisha hadi stesheni kuu ya Nairobi. Miritini ni lazima upange usafiri wa kukufikisha kisiwani. Nauli hiyo ya pili huwashtua wengi, kwa hivyo iweke kwenye hesabu mapema.

TIKETI NA UKAGUZI

Tiketi unaweza kuikata kwa simu ya kawaida kwa kupiga *639#, kupitia tovuti ya Shirika la Reli la Kenya, au dirishani stesheni. Malipo ya simu hufanywa kwa M-Pesa. Utaombwa jina na nambari ya kitambulisho au pasipoti, na siku ya safari kitambulisho hicho hicho ndicho kitakachoangaliwa. Ukimkatia mzazi tiketi kwa simu yako, weka jina na nambari yake, wala si zako. Kosa hilo dogo linaweza kumfanya mtu arudishwe mlangoni huku treni ikiondoka.

Saa kwenye tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Ukiona 08:00 ni saa mbili asubuhi, 12:00 ni saa sita mchana, na 15:00 ni saa tisa alasiri. Wazee wengi wamekosa safari kwa kusoma "nane" wakadhani ni saa nane.

Nauli hupangwa na Shirika la Reli kulingana na umbali. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na ya daraja la kwanza kutoka shilingi 3,000 hadi 4,500. Anayepanda au kushuka Voi hulipa nauli ya kipande cha safari yake, na mfumo utamwonyesha kiasi hicho kabla hajalipa. Wikendi ndefu, Krismasi na siku za kufunga na kufungua shule, nafasi hujaa mapema. Anayesubiri hadi siku yenyewe huweza kukuta treni ipo lakini kiti hakipo.

Fika stesheni angalau saa moja kabla. Mizigo hukaguliwa na mbwa wa polisi na kupitishwa kwenye mashine, na mlango hufungwa kabla treni haijaondoka. Nyumbani acha visu na panga, pombe, mafuta ya taa, petroli, mitungi ya gesi na wanyama hai. Mama anayempelekea binti yake kuku wa kienyeji Mombasa amchinje na kumfunga vizuri, au ampeleke kwa njia nyingine.

MZIGO WA SOKONI

Swali linalowauma zaidi wafanyabiashara ni la mizigo. Wakulima wa Wundanyi na Werugha hupeleka mboga Mombasa. Taveta ina ndizi, nyanya na vitunguu. Mkulima husikia treni ya mizigo ikiunguruma usiku kucha, akajiuliza: mbona haibebi mali yangu?

Jibu ni kwamba treni hizo zilipangwa kwa kazi nyingine. Hupakia makontena bandarini Mombasa na kuyapeleka kwenye bohari ya Embakasi au ya Naivasha, kisha hurudi. Ni mabehewa mengi yanayosafiri kwa pamoja kwa mteja mkubwa, na si usafiri wa kusimama ili mtu apakie magunia matano. Treni ya abiria nayo hubeba abiria na mizigo yao ya mkononi, yaani kile unachoweza kukibeba mwenyewe na kinachopita kwenye mashine ya ukaguzi. Begi la nguo za mitumba au mfuko wa viazi vya nyumbani hauna shida. Kreti za nyanya za kuuza Kongowea hazitapita. Kama una shaka na mzigo wako, uliza dirishani siku moja kabla. Kuuliza hakulipiwi, lakini mzigo ukikataliwa mlangoni asubuhi ya safari, hasara ni yako.

Kwa hivyo mazao bado yanasafiri kwa barabara, na penye nafuu ni katika kuungana. Wakulima wanaokodi lori moja kupitia chama cha ushirika hugawana gharama ambayo mmoja angeilipa peke yake. Idara ya kaunti inayosimamia biashara na vyama vya ushirika ndiyo ya kuulizwa kuhusu kusajili chama na taratibu zake.

Faida nyingine ya stesheni ni wasafiri wenyewe. Kila treni inayosimama huteremsha watu wanaohitaji chakula, maji, usafiri na malazi. Kuna watalii wanaoelekea lango la Voi la mbuga ya Tsavo Mashariki, walimu, askari, wanafunzi na wenyeji wanaorudi nyumbani. Mkaazi anayetaka kufungua biashara ya kuwahudumia anahitaji leseni ya biashara ya kaunti. Wauzaji wa chakula pamoja na wahudumu wao wanahitaji pia cheti cha afya kutoka kwa maafisa wa afya ya umma.

Lakini kabla ya kujenga kibanda, uliza ardhi ni ya nani. Ardhi ya stesheni na ukanda wa reli, ya zamani na ya kisasa, iko chini ya Shirika la Reli. Leseni ya kaunti hukuruhusu kufanya biashara, lakini haikupi haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine. Mtu akikuuzia "ploti" kando ya reli, hata kama reli hiyo imeota majani na haijaona treni kwa miaka mingi, fanya upekuzi kwenye afisi ya ardhi na umuulize Shirika la Reli kwa maandishi kabla ya kutoa senti. Reli isiyotumika si reli isiyo na mwenyewe.

NANI ANAFANYA NINI

Hapa ndipo malalamishi mengi hupotea njia. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 liligawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Reli iliwekwa upande wa serikali ya kitaifa. Kaunti haiwezi kuongeza treni, kubadilisha ratiba, kupunguza nauli wala kufungua tena stesheni ya zamani. Kazi hizo ni za Shirika la Reli la Kenya, chini ya wizara inayohusika na uchukuzi.

Kaunti ilipewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, masoko, leseni za biashara na utalii wa mashinani. Kwa maneno mengine, treni na stesheni si zetu, lakini sehemu kubwa ya safari ya mwananchi kutoka nyumbani hadi lango la stesheni inatuhusu.

Ugawaji huo kwa ufupi ni huu:

Treni imechelewa, tiketi ina hitilafu, nauli, choo cha stesheni au mzigo umepotea: Shirika la Reli. Anza na meneja wa stesheni.

Barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa na ile ya Voi hadi Taveta: Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA.

Barabara za mitaa za kaunti, taa, mitaro na eneo la kuegesha matatu na bodaboda mjini: serikali ya kaunti, kupitia Manispaa ya Voi au afisi ya wadi yako.

Leseni ya gari la abiria na usalama wake: Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA.

Wizi, au bodaboda aliyekudhulumu usiku: kituo cha polisi. Andikisha na upewe nambari ya OB.

Ndovu au mnyama mwingine wa porini ameingia makaazi: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kwamba reli si kazi ya kaunti hakuna maana kwamba kaunti ikae kimya. Viongozi wa kaunti wanaweza kuwasilisha maombi ya wakaazi kwa Shirika la Reli, na wabunge wetu wanaweza kuuliza maswali Bungeni. Ombi lenye uzito ni lile lenye ushahidi: watu wangapi, siku gani, wanakwenda wapi, na wanakwama wapi. Barua ya chama cha wafanyabiashara inayosema "sisi hawa tungepanda treni ya jioni ya kurudi kutoka Mombasa" ina nguvu kuliko lawama za kijiweni.

WAKATI WA KUSEMA

Kama shida yako ni taa au barabara ya kaunti inayoelekea stesheni, fahamu kwamba pesa za kaunti hupangwa kwa kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya sera ya fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili.

Maana yake ni kwamba anayelalamika mwezi wa Juni kuhusu taa amechelewa kwa mwaka huo. Wakati mwafaka ni kabla ya Septemba, mpango unapoandikwa, na tena kabla ya Februari na Aprili, maoni ya umma yanapokusanywa. Hudhuria mkutano wa wadi yako. Taja mahali kwa jina: kutoka wapi hadi wapi, giza linaanzia wapi, ni nani wanaopita hapo na saa ngapi. Hakikisha hoja yako imeandikwa kwenye kumbukumbu.

Kama huwezi kuhudhuria, andika. Sheria ya Serikali za Kaunti inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi katika bunge la kaunti. Na chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, unaweza kuomba taarifa kutoka kwa afisi yoyote ya umma, ikiwemo kaunti hii na Shirika la Reli. Afisi hiyo inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Isipokujibu, peleka lalamishi lako kwa afisi ya Ombudsman.

USALAMA KANDO YA RELI

Treni ya mizigo inayokwenda kasi haisimami ghafla. Dereva akikuona, huenda tayari hana la kufanya. Usitembee juu ya reli, usichungie mifugo ndani ya uzio, na usikate uzio ili kufupisha njia. SGR ina mapito ya chini na madaraja kwa ajili ya watu, mifugo na wanyamapori. Mengine hutumiwa na ndovu wa Tsavo, hivyo kuwa mwangalifu alfajiri na jioni. Wazazi, waonyeni watoto wasirushie treni mawe wala kuchezea vyuma vya reli. Jiwe moja kwenye dirisha linaweza kumpofua abiria.

NA RELI YA TAVETA?

Swali hili huulizwa kila mahali kuanzia Mwatate hadi mpakani. Upande wa Tanzania, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ilirejeshwa mwaka wa 2019, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Kwa hivyo reli ile ya zamani bado ina uhai ng'ambo ya mpaka, ilhali upande wetu imelala. Kuifufua ni uamuzi wa serikali ya kitaifa kwa kushauriana na jirani yetu, na utahitaji fedha nyingi. Kwa sasa kiungo cha Voi na Taveta ni barabara ya lami, inayofika kwenye kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili. Yeyote atakayekuuzia ardhi au kukuomba "ada ya kazi ya reli ya Taveta", mtilie shaka na upige ripoti polisi.

Reli ilipofika Voi zaidi ya miaka 120 iliyopita, wenyeji hawakuulizwa ipite wapi wala isimame wapi. Leo sheria inasema lazima tuulizwe. Kalenda ya bajeti ndiyo hiyo hapo juu, na afisi ya wadi yako iko wazi siku za kazi. Peleka hoja yako mapema, na uipeleke mahali panapohusika.